Kupiga picha majaruba ya kale ya Engaruka kwa tiara: shajara ya mradi

18 Januari 2025. Bado mezani

Ukisimama Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, unaona mawe. Mawe, migunga, vumbi, mbuzi, na nyuma yako ukuta wa Bonde la Ufa umepanda kama umewekwa kwa timazi. Nilipita pale mara ya kwanza nikiwa njiani kwenda Ziwa Natron, nikaambiwa "haya ndiyo magofu", nikaangalia huku na huku nikitafuta magofu yenyewe yako wapi.

Wiki iliyopita nilifungua picha za setilaiti kwenye kompyuta nikaona nilichokosa siku ile. Mawe yaleyale yamejipanga. Mistari inakata mistari, vipande vya mraba na mstatili mamia kwa mamia, kama jarife lililoanikwa ufukweni. Kati ya vipande hivyo inapita mistari mirefu inayotoka upande wa mlima. Ile ni mifereji, na vile vipande ni majaruba. Watu walilima hapa kwa kumwagilia kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, eneo la hekta kama 2,000, na vijiji vyao saba wakavijenga kwa ngazi kwenye mteremko. Kisha wakaondoka. Wengine huwataja Wairaqw, wengine Wasonjo ambao hadi leo ni mafundi wa mifereji. Hakuna aliyeacha jina ukutani.

Shida ya setilaiti ni kwamba ukikuza picha, ukuta wa mawe wenye upana wa hatua moja unayeyuka. Nataka picha ambayo jiwe linaonekana ni jiwe. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi, na kabla ya hapo inahitaji hela ya kuinunua. Mimi nimekulia Tanga, mshahara wangu ni wa fundi mchora ramani, na kitu pekee nilichowahi kurusha ni tiara. Basi.

Mpango: hekta 4 tu, upande wa kaskazini. Hakuna kuchimba, hakuna kusogeza jiwe hata la kukalia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iko wazi kuhusu kuchimba, na hilo la kukalia ni sharti langu mwenyewe. Ofisi ya kijiji na wasimamizi wa eneo wameshaelezwa na wamekubali.

2 Februari. Tiara ya kwanza

Umbo la pembetatu, upana mita 2, kitambaa cha bitana mita 6 (shilingi 27,000), fito za mwanzi (3,000), fundi cherehani (10,000). Fundi aliuliza ni la harusi? Mshipi wa kuvulia mita 300, 36,000. Simu ya mtumba yenye kamera nzuri na kioo kilichopasuka, 85,000. Glavu, 5,000. Msizidharau glavu. Mshipi unaokimbia unakata kidole kama wembe.

Imeruka vizuri kiwanjani Arusha, saa tisa alasiri. Nikajiona fundi.

14–16 Februari. Safari ya kwanza, na karibu kila kitu kimeharibika

Basi hadi Mto wa Mbu, kisha bodaboda mbili, mimi na mwenzangu, kilomita kama 60 za vumbi. Tulifika tumefanana na mawe.

Naandika kwa urefu hapa maana ndipo pesa zilipopotelea.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Ukuta mfupi wa mawe hauonekani kutoka juu jua likiwa utosini, kwa sababu hauna kivuli. Unataka jua la chini, la pembeni, ndipo kila mstari ujichore wenyewe. Crawford, Mwingereza aliyekuwa akitafuta mitaro ya kale kwa ndege huko Wessex mwaka 1924, alilijua hilo, nami nilikuwa nimelisoma. Ila kwetu jua halichelewi. Linachomoza, na ndani ya saa moja na nusu limeshapanda. Jioni ndiyo kabisa, maana Engaruka iko upande wa mashariki wa ule ukuta wa Bonde la Ufa: jua linajificha nyuma ya mlima mapema, na eneo zima linaingia kwenye kivuli kimoja kikubwa kisicho na msaada. Kwa hiyo imebaki asubuhi peke yake, kuanzia saa moja kasoro hadi saa mbili na nusu.

Na asubuhi hakuna upepo. Hata wa kupepesa jani. Siku zote tatu tulisimama saa kumi na mbili unusu na tiara mkononi kama watu waliokodi ukumbi wageni wakakosa kuja. Upepo ulianza saa sita. Kufikia saa nane ulikuwa unavuta mtu mzima, na jua lilikuwa limeshafuta kila kitu. Picha za mchana wa tarehe 14 zinaonyesha uwanja mweupe wenye vidoa vya miti. Nimezifuta 300.

Kosa la pili lilikuwa fundo. Mshipi wa plastiki ule wa uzi mmoja hujikata wenyewe kwenye fundo ukivutwa kwa ghafla. Mtoto wa Tanga, nimelala kwenye nyumba zenye harufu ya samaki, nikasahau jambo linalojulikana na kila mvuvi. Tarehe 15 saa tisa tiara ilipigwa na dhoruba ndogo, fundo likakatika, simu ikashuka kutoka kama mita 40 juu ya mawe. Mwenyeji wetu, kijana wa Engaruka Juu, aliokota betri kwanza, halafu kioo, halafu akaniletea vyote kwenye kofia yake bila kusema neno.

Kosa la tatu ni la alama. Ili picha ziunganishwe na zipate vipimo sahihi, unaweka alama ardhini zinazoonekana kutoka juu, kisha unapima umbali kati yake. Nilitandaza viroba vyeupe vya sukari vinane, nikavibana kwa misumari. Tukaenda kula. Tuliporudi vilikuwa vinne. Kesho yake nilikiona kimoja sokoni kimebeba mkaa, na kwa kweli kazi ile kilikuwa kinaifanya vizuri kuliko yangu.

Safari: nauli za basi za watu wawili kwenda na kurudi 32,000, bodaboda 100,000, kiongozi, ada na malazi 90,000. Jumla 222,000 kwa picha sifuri.

3 Machi. Marekebisho

Tiara ya pili: upana mita 3, kitambaa cha miavuli miwili mikubwa (36,000), na badala ya mwanzi nimetumia vyuma vyepesi vya hema la mtumba (14,000). Fundi yuleyule, 15,000. Safari hii hakuuliza kitu. Hii inapanda kwa upepo ambao ile ya kwanza ingelala.

Nimeutupa mshipi wa uzi mmoja na kuchukua kamba nyembamba ya kusuka, ambayo mwenzangu alikuwa nayo. Pale kamba inapofungwa kwenye pete, naizungusha mara tano kabla ya kufunga, mzigo ubebwe na mizunguko na siyo fundo.

Simu nyingine, 70,000.

Halafu kuna susu. Mara ya kwanza nilifunga simu moja kwa moja kwenye kamba, ikawa inayumba na kupiga picha za upeo wa macho, za mlima, na moja ya kidole changu gumba kutoka mbali sana. Mfaransa Pierre Picavet alishalimaliza tatizo hili mwaka 1912. Unatengeneza msalaba wa mbao nyepesi, kila ncha ina pete. Kamba moja inatoka sehemu mbili za kamba ya tiara na kupita kwenye pete zote nne ikiteleza kwa uhuru. Tiara ikiinama, kamba inateleza, msalaba unabaki umelala sawa. Mama yangu alikuwa na susu ya jikoni ya kuwekea maziwa paka asifike. Nilipomtumia picha alisema ni ileile, imekosa kibuyu tu. Simu inalala katikati, kamera ikitazama chini. Susu nzima naifunga mita 20 chini ya tiara, mbali na mitikisiko yake.

Aprili

Mvua. Barabara haifai.

12–15 Juni. Safari ya pili

Nilikuja nikiwa na mpango wa asubuhi na tiara nyepesi. Siku ya kwanza saa moja asubuhi ilipanda, kwa shida, mwenzangu akitembea kurudi nyuma kati ya mawe na mimi nikimwongoza asianguke. Mita 50 za kamba, picha kila sekunde 3, vivuli virefu, kila kitu barabara. Kisha simu ikaita. Angani. Engaruka kuna mtandao siku hizi, na mtu alikuwa anataka kuniuzia bima. Programu ya picha ilisimama na haikurudi. Tuligundua dakika ishirini baadaye, tulipoishusha. Weka simu kwenye hali ya ndege! Naandika hili peke yake ili lisipotee.

Lakini kilichobadilisha mradi kilitokea mchana, nilipokuwa nimekata tamaa na kurusha tu kwa sababu upepo upo. Masika ilikuwa imekwisha, nyasi zinaanza kukauka. Niliposhusha simu na kutazama picha za saa nane mchana, zile ambazo Februari zilikuwa jangwa jeupe, majaruba yalikuwa yamejichora yenyewe kwa rangi. Ndani ya kila kipande nyasi bado za kijani. Kwenye mistari ya mawe zimeshakuwa za njano. Hakuna kivuli hata kimoja na kila mpaka unasomeka.

Sababu iko kwenye udongo. Watafiti waliopima tabaka za udongo pale miaka ya karibuni wameonyesha kwamba baadhi ya majaruba ya upande huu hayakuchongwa ardhini. Yalijazwa. Maji yenye tope yalielekezwa nyuma ya ukuta wa mawe, tope likatuama, ukuta ukaongezwa, tope likaongezeka, hadi mahali palipokuwa kokoto pakawa na udongo wa kulima. Udongo ule bado upo. Unashika maji wiki kadhaa baada ya kokoto za pembeni kukauka, na nyasi zinajua. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alipochimba Engaruka miaka ya 1960 ulipatikana mtama ulioungua. Mimi nimepata nyasi, zikinionyesha mtama ule ulikaa wapi.

Kwa hiyo anayetaka kufuata kazi hii asihangaike na asubuhi. Aje wiki ya pili au ya tatu baada ya mvua kuisha, arushe mchana upepo ukiwa tele. Siku tatu zilizobaki tulifanya hivyo tu. Kamba mita 85 hadi kwenye susu ikiwa imeinama kiasi cha nusu inakupa kama mita 60 kwenda juu, na kwa kimo hicho kamera ya simu ya kawaida inaona kitu cha sentimita 2 hivi. Unatembea polepole kwa mistari, kama unapiga dawa shambani, kila picha ilalie ya jirani yake zaidi ya nusu.

Viroba: safari hii tuliviweka tiara ikiwa tayari angani, watoto wakakaa kulinda kimoja kimoja, na kazi ilipokwisha kila mmoja akaondoka na kiroba chake. Hakikupotea hata kimoja. Umbali kati ya alama tulipima kwa tepu ya mita 50, maana simu inakosea mahali ulipo kwa mita kadhaa, na jaruba lenyewe linaweza kuwa na upana wa mita hizohizo kadhaa.

Viroba, misumari na rangi 12,000. Safari 222,000.

Julai. Kompyuta

Picha 1,140, zilizofaa 412. Nilitumia OpenDroneMap kuziunganisha na QGIS kuchora, zote za bure. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 8 na ilikata mara mbili usiku. Nikagawa eneo vipande vitatu ikakubali. Kabla ya kuanza toa kila picha ambayo kamba imepita katikati. Programu inaifuata kamba kama ni sehemu ya ardhi, na ramani ya kwanza ilikuwa na ukuta mrefu wa ajabu unaopanda mbinguni.

Nimechora mistari 147 na duara 9 za kijani kibichi zaidi ya majirani zake. Duara hizo ndizo zimenifurahisha kupita kiasi. Kati ya majaruba ya Engaruka yapo mazizi ya mawe ya mviringo, na inaelekea ng'ombe walifugwa ndani na samadi ikapelekwa shambani. Samadi na nyasi za kijani, hesabu imekubali. Nikawaandikia watu wawili kwamba nimepata mazizi tisa.

Nimewaandikia mapema mno, kama mtakavyoona.

20–22 Agosti. Kuipitia ramani kwa miguu

Niliichapa kwenye karatasi kubwa tukaanza kutembea mstari kwa mstari na mwenyeji wetu.

Kufikia mchana wa kwanza nilikuwa nimefuta 17. Mwenyeji alikuwa anatazama karatasi, anatazama chini, anacheka. "Hii unayoita mfereji, kaka, ni ng'ombe wa mzee yule pale wakienda mtoni." Mwingine ulikuwa njia ya bodaboda. Mingine miwili ilikuwa mifereji kweli, yenye maji ndani, ya mahindi na maharage ya watu walio hai, ikipita hatua chache kutoka kwenye ile ya kale.

Alinifundisha kutofautisha, na sasa naiona hata kwenye picha. Mfereji una adabu. Unashuka polepole sana, unazunguka kila kichuguu ili usipoteze kimo, na ukiufuata juu unaishia kwenye maji au mahali palipokuwa na maji. Ng'ombe wanakata moja kwa moja, wanatawanyika, wanakutana tena, na njia yao inakuwa kama nywele zilizosukwa ovyo. Kutoka mita 60 vyote ni mstari hafifu. Jumla nimefuta 39.

Zikabaki duara. Nane zina mawe chini ukipapasa nyasi, mengine yamezama nusu, yamepangwa mkono kwa mkono. Ya tisa, kubwa kuliko zote, haina jiwe. Nilizunguka mara tatu nikijaribu kuliona jiwe ambalo halipo. Bibi mmoja aliyekuwa anakusanya kuni alisimama akitutazama.

"Takwenya, koko," mwenyeji akamwamkia.

"Iko."

Wakaongea Kimaasai muda. Niliona bibi anaweka kuni chini, anatembea hadi ukingo wa duara upande wa mashariki, anasimama, anapiga ardhi kwa fimbo. Lango. Akaingia kupitia hapo, siyo mahali pengine japo hakuna ua wala mwiba uliobaki, akageuka mkono wa kulia, hatua kumi hivi, akapiga tena. Nyumba yake. Alikuwa mke mkubwa, na nyumba ya mke mkubwa hukaa kulia mwa lango. Hapo ndipo alipozaa mtoto wake wa kwanza. Boma lilihamishwa baadaye, ng'ombe wakaacha samadi yao, na nyasi zikafanya kazi yao bila kuuliza samadi ni ya karne gani.

Nikawaandikia wale watu wawili tena. Usiku nilijifariji kwa mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyekuja hapa mwaka 1935 akakadiria mji wa watu zaidi ya 30,000. Waliomfuata wakaishusha sana hesabu hiyo.

Safari 222,000.

14 Septemba

Ramani ya pili: mistari 108, mazizi 8. Kila mstari una namba na kiwango chake cha uhakika: A nimeugusa, B umeonekana kwenye picha ya rangi na ya kivuli, C umeonekana kwenye moja tu. Ningeanza na mpangilio huu Julai, nisingeaibika Agosti.

Rafiki yangu wa Masaka, Uganda, anataka tiara ipelekwe Bigo bya Mugenyi, kusini mwa mto Katonga, kwenye yale mahandaki ya kale yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 ambayo huhusishwa na Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya kule. Nimemwambia nyasi ndefu za kule ni somo jingine, handaki lenye kina linahitaji kivuli, na kivuli kinahitaji asubuhi yenye upepo. Yeye anasema upepo upo. Tutaona.

8 Novemba. Nakala ya kijiji

Nimechapisha ramani kwenye bango la plastiki, mita moja kwa moja na nusu, 30,000. Safari ya peke yangu 106,000. Jumla ya mradi mpaka leo: 1,115,000, nayo zaidi ya nusu ni nauli na malazi. Tiara zote mbili, na fundi cherehani ndani yake, hazikufika 110,000.

Tulilitundika ukutani ofisi ya kijiji. Watu walitafuta kwanza nyumba zao, halafu mto, halafu miti wanayoijua, na mabishano yalianza kuhusu mgunga mmoja uliokatwa. Yule bibi alikuwapo. Alitazama kimya, akasogea, akaweka kidole pale kaskazini penye duara nane, akakipeleka pembeni palipokuwa patupu, akamwambia mwenyeji wetu kitu.

"Anauliza," mwenyeji akaniambia, "boma lake umelipeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba ramani ni ya vitu vya kale, ndiyo maana nimelitoa. Akatafsiri. Bibi alijibu kwa maneno mafupi, na watu wote chumbani wakacheka. Mwenyeji alikataa kunitafsiria.

Nimelirudisha kwa kalamu nyekundu, palepale ukutani, lango likitazama mashariki. Kwenye faili la QGIS liko kwenye tabaka lake, namba 1.